Redio Mpya na Kuku wa Mama Mkwe

Mimi si mtu wa kubahatisha. Niliondoka Kahama na begi moja, nikarudi na stashahada ya umeme, nikajenga nyumba ya vyumba vinne na kuagiza gari Japani. Gari lile lilikuwa na kasoro moja tu: redio yake ilinguruma kama mashine ya kusaga, kisha ikafa kabisa.

Nisingejali, lakini mke wangu alikuwa amejifungua na nilitakiwa kumfuata mama yake Ushirombo. Kwetu mtu hapigi soga na mama mkwe. Hamtazamani, na akiwa na neno hulipitisha kwa mtu mwingine. Ukimya wa safari nzima ungenimaliza. Niliutegemea muziki.

Nikanunua redio ya kisasa, yenye skrini. Muuzaji alinishauri nichukue na soketi yake, nisikate nyaya za kiwandani. Nikamwuliza yeye alisomea wapi. Nyumbani nikakata. Waya wa redio ya zamani haukuwa na umeme, basi nikauchukua kwenye waya wa vioo vya madirisha, nikasokota, nikafunga utepe. Redio ikaimba hadi majirani wakaja kutazama.

Kule Ushirombo mama mkwe alipanda kiti cha nyuma, khanga imemfunika nusu ya uso, mapajani kapu lenye kuku wa supu ya mzazi. Nikafunga vioo, nikafungulia muziki. Tulipoingia Masumbwe gari likaruka tuta, redio ikazima. Nikabonyeza kitufe cha dirisha. Kioo hakikutikisika. Fyuzi ilikuwa imeungua, na redio na vioo vyote nilivining'iniza hapo. Kiyoyozi nacho kilikwisha gesi siku nyingi.

Jua lilikuwa la saa saba. Fyuzi za gari lile ziko chini ya usukani. Kuzifikia lazima upige magoti nje, uingize kichwa ndani, ubinue makalio. Mbele ya mama mkwe haiwezekani. Kumwambia ashuke nako sikuweza, maana wa kunisemea hakuwepo. Nikaendelea kuendesha, jasho likiniingia machoni.

Nikamsikia akiongea na kuku.

"Vumilia, mwenzangu. Mwenye gari ni msomi. Anajua kwa nini ametufungia."

Baadaye akanyamaza, na kuku naye akanyamaza. Nikafanya lisilofanywa: nikamtazama kwenye kioo cha ndani. Alikuwa anahema kwa mdomo, na kichwa cha kuku kimelala ukingoni mwa kapu. Nikasimamisha gari, nikamfungulia mlango, nikageukia shamba la pamba.

"Kuku, mwambie bibi yako fundi ni mimi, na nimekosea."

Maneno hayo hata mwalimu wangu wa chuo hakuwahi kuyasikia.

"Mwambie tumejua tangu Masumbwe," mama mkwe alimwambia kuku. "Na hiyo diploma angekuja nayo, ingetupepea."

Akashuka na kapu lake, akasimama mbali, akanipa mgongo. Nikapiga magoti. Nikaukata waya wa redio niliousokota kwa mkono wangu, nikachomoa fyuzi ya kiwashio cha sigara, nikaihamishia kwenye vioo. Madirisha yakashuka. Tulipoondoka upepo ukaingia, kuku akainua kichwa.

Tulifika Kahama bila wimbo hata mmoja. Njia nzima kuku aliambiwa habari zangu, na nyingi zilikuwa za kweli.