Sahihi ya Arobaini na Tisa

"Umeniua, Bibi Mal-sun! Mchana kweupe umeniua!"

Pyo Gil-nam alisimama katikati ya chumba cha wazee, chini ya jengo lao la ghorofa, mkononi karatasi aliyoibandua kwenye lifti. "Jina langu kwa wino mwekundu! Tena umelibandika ndani ya lifti! Si ndivyo anavyoandikwa marehemu?"

"Marehemu gani mwenye makelele hivi?" Mal-sun aliendelea kumenya vitunguu saumu. "Kaa, Baba Sang-ho. Hata maiti huchoka kusimama."

"Tangu asubuhi watu watatu wamempa mke wangu pole!"

"Watatu tu? Masikini, kumbe hupendwi."

Akina mama waliokuwa wakicheza karata walicheka hadi mmoja akamwaga chai.

Mal-sun alijifunza kusoma akiwa na miaka sabini na moja. Kabla ya hapo aliuza tofu ya soya sokoni miaka arobaini, kwa sauti ambayo ikipanda, jogoo wa mji wa pili walijua kumekucha. Mwalimu wake alisahihisha makosa kwa wino mwekundu. Basi alipotembeza karatasi ya kuomba sigara ipigwe marufuku kwenye ngazi, varanda na lifti, alibandika pia orodha ya majina kwenye lifti, na waliokubali aliwaandika kwa mweusi. Pyo, aliyemfungia mlango mara saba, yeye alikuwa kosa la kusahihishwa. Kwamba mwekundu ni wa wafu, alikumbuka gundi ikiwa imeshakauka. Akaona aibandue ya nini?

Jengo lina nyumba tisini na sita. Zikikubali arobaini na tisa, halmashauri inabandika alama na kutoza faini. Mal-sun alikuwa na arobaini na nane, na karatasi ilitakiwa ofisini kabla hawajafunga jioni hiyo. Ghorofa ya sita, mumewe Deuk-su, aliyechimba makaa ya mawe mpaka mapafu yakajaa vumbi, alilala na taulo bichi limesokomezwa chini ya mlango. Moshi wa Pyo ulipanda ngazi na kuingia bila kubisha hodi.

"Mimi navutia kwenye ngazi," Pyo alisema, "sivutii kwenye bakuli lako la wali."

"Jana Deuk-su alikohoa mpaka midomo ikawa rangi ya biringanya." Mal-sun aliweka kisu chini. Sasa hakuwa akitania. "Mlishuka shimo moja, nyie wawili. Ulikula chakula alichofungasha mke wake. Mimi ndiye niliyekifungasha."

Pyo alitazama soksi zake.

"Kwa hiyo nikavutie nje, kwenye theluji? Na goti hili?"

"Nitakupa koti langu la sokoni. Lina joto, lilishawahi kuangua mayai."

"Sikubali. Kichwa cha nyumba ile ni mimi, na maadamu niko hai, hakuna mwingine wa kutia..."

Mlango ukateleza. Mama Sang-ho, mkewe, akavua viatu taratibu na kuvipanga. Mkono mmoja ulishika bahasha tatu nyeupe za rambirambi. Kwa mwingine alitoa kifukoni mhuri wa jina, ule unaopigwa badala ya sahihi, akaupulizia pumzi ili wino ulainike.

"Bibi Mal-sun," akasema, "mjane anapiga wapi?"

Mal-sun akajifuta mikono, akamsogezea karatasi ya sahihi.