Chai ya Kitanda cha Nne

Wodini walimwita Mama Kwanini, kwa sababu hakupita na dekio bila kuuliza jambo. Kwa nini huyu halali chali? Kwa nini yule hapewi chumvi? Kwao, ukoo wa walimu watupu, watu wakiuliza kazi yake walijibiwa "yuko hospitali", na maneno yakaishia hapo.

Asubuhi moja, akikusanya vikombe, alikuta sukari imeganda ndani ya kikombe cha kitanda cha nne kutoka mlangoni. Akashangaa. Bibi wa hapo ana kisukari; wiki nzima ameinung'unikia chai isiyo na sukari. Leo ameipata wapi? Aliyelala alikuwa amejifunika shuka gubigubi. Mama Kwanini akainama, akasoma namba mguuni mwa kitanda: tano.

Hapo akakumbuka. Jana mchana paa lilivuja, akavisukuma vitanda viwili na wagonjwa wao ili adeki, kisha akavirudisha. Kumbe amevipishanisha. Lakini namba ziko pale pale miguuni, shida iko wapi? Shida ni kwamba mgawa chai alizisoma, lakini wauguzi wa wodi ile hawakuzisoma. Walihesabu kutoka mlangoni.

Muuguzi akaingia na sindano ya kushusha sukari, akihesabu kwa kidole hadi cha nne. Kusogeza kitanda bila ruhusa ni kosa la kufukuzwa kazi, na Mama Kwanini akifukuzwa, mji mzima utajua alikuwa akifanya kazi gani.

"Dada, usimchome huyo."

Muuguzi akacheka. "Haya, leo dekio limesomea udaktari?"

"Halijasoma. Ila vitanda nimevipishanisha mimi. Muulize jina."

Shuka ikafunuliwa. Alikuwa mama aliyevunjika mguu, asiye na kisukari. Sindano ikarudi kwenye sinia, na kicheko nacho kikaisha.

Muuguzi mkuu aliandika kosa la Mama Kwanini kitabuni, na chini yake akaandika la wodi nzima: kuhesabu badala ya kuuliza jina. Akamsogezea kalamu atie sahihi.

"Kwa nini mlikuwa mnahesabu kutoka mlangoni?" akauliza Mama Kwanini.

Muuguzi mkuu akakiri kwamba aliukuta mtindo huo miaka kumi na tisa iliyopita, wala hakuwahi kuuliza. Kuanzia kesho yake, zamu zilikabidhiana kitanda kwa kitanda, kwa majina, na mwenye dekio akisikiliza.

Jumapili, nyumbani kwao, mgeni akauliza habari za kazi yake. Kaka mtu akawahi, "Yuko hospitali."

"Nadeki," akasema yeye, akammiminia mgeni chai. "Unatumia sukari?"