Kilindo Kisicho na Kifuniko

Mume wangu alipofariki aliacha kilindo, chombo chake cha gome cha kuwekea mbegu, hakijapata kifuniko. Kilikaa ukumbini mdomo wazi. Waliokuja kuhani walikitupia jicho, kisha wakatazama pengine.

Mimi ni mzaliwa wa Kivinje, nyumba ya ndoo na makopo ya bati. Nilipoolewa huku Miteja ndipo nikajua kwamba ufuta unaweza kukaa ndani ya gome la mti toka msimu hadi msimu usipate ukungu. Mvua zake za mwisho nilimsindikiza porini. Aliugonga myombo kwa kisogo cha shoka, polepole, akiuzunguka, kisha akachomeka kabari. Gome likavuka zima kama kanzu. Kwa ndani lilikuwa limelowa, linateleza.

Homa ilimchukua mvua zilipokatika. Gome huvuka wakati mti una maji tu. Sasa lilikuwa limeshikana na mti. Nami nilikuwa nimekaa eda, porini siendi. Mbegu zilikuwa kwenye gunia na panya walikwisha kulitoboa. Mama mkwe alitaka tuzitie ndoo ya plastiki. Nikamwomba asubiri.

"Basi hicho kilindo tumpe kuku atagie," alisema. "Mwanangu huyo tangu mdogo hafuniki kitu. Hata chungu cha mboga."

Tulicheka.

Siku moja nilihamisha mtungi wa maji ili nisafishe mahali pake. Mchanga wa pale haukauki, mtungi unatoa jasho mchana na usiku. Mkono wangu ukagusa kitu laini. Nikafukua. Lilikuwa gome, limeviringishwa na kufungwa kamba, limekatwa kwa kipimo cha kifuniko. Ukingoni alikuwa ameanza kutoboa matundu, akafika nusu.

Nililikunja. Halikupasuka. Mwenyewe tulikwisha kumzika, na gome lake lilikuwa bado bichi. Nilikaa pale chini nikilishika mpaka mama mkwe akaja kuniuliza nimepatwa na nini.

Nilimalizia kwa sindano yake ya magunia. Matundu yake yamenyooka. Yangu yanapanda na kushuka. Yeyote akitazama ataona alipoishia.

Mume wangu hakupima kazi kwa macho. Alifunika, akashika kifuniko tu, akainua. Chombo kikifuata, kimekamilika. Tulijaza ufuta, nikafunika, nikasita. Mbegu zote za shamba zilikuwa mle.

"Inua, mwanangu," mama mkwe alisema.

Nikainua. Kilindo kikafuata, kizito, kimetulia, hakikuteleza hata kidogo. Mama mkwe alikinga viganja vyake chini bila kukigusa, akavishikilia hivyo hivyo hadi nilipokishusha.