Mfarishi Uliotoka Langoni

Niacheni. Nimesema tangu mwanzo kwamba mimi si mtu wa kuandika. Shule niliiacha mara tu nilipojua kuandika jina langu, maana ng'ombe wetu alikuwa hajui kujikamua. Lakini hawa wasichana wa kikosi hawasikii. Wamekuja tena, wamekaa jikoni kwangu na matope yao, wamemaliza chapati zangu zote za jibini, kisha wanasema: "Bibi Profira, habari za Zamfira andika wewe. Tukiandika sisi tutaongeza chumvi." Haya. Chumvi yenu kaeni nayo, mimi nitatia pilipili. Na mkono ukiniuma nitaacha, wala msije kuniuliza.

Zamfira ni mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu Sevastian. Mama yake, Lucheria, yuko Padova, Italia, anaogesha wazee wa watu. Alikwenda mtoto akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Kijiji chetu ndivyo kilivyo siku hizi: wanawake wako Italia wanaogesha wazee wa watu, na sisi wazee wao tunajiogesha wenyewe. Zamfira alikataa kwenda. Anaziba matairi ya matrekta, mikono yake mizito kama ya marehemu babu yake, na ukimwambia jambo fulani haliwezekani, umemwaga mafuta kwenye moto.

Kila kiangazi, kule ngomeni juu ya mto Nistru, mpakani, watu hukusanyika na deraya zao, mavazi ya chuma ya vita vya kale, kupigana. Si maigizo. Panga ni butu, shoka ni butu, lakini chuma ni chuma. Wanaingia ndani ya ua wa mbao, kikosi kwa kikosi. Anayegusa ardhi kwa kitu kingine zaidi ya nyayo zake ametoka. Kikosi kinachobaki na mtu aliyesimama kimeshinda. Basi, sheria ndiyo hiyo, hata kuku anaielewa.

Siku Zamfira aliposema na yeye ataingia, baba yake alicheka mpaka supu ikamtoka puani.

"Wewe? Halafu utaolewa na nani, na pua iliyovunjika?"

"Baba, pua yako nzima, na mama bado yuko Padova."

Mimi niligeukia jiko ili asinione nikicheka. Sevastian aliweka kijiko chini. Mwanangu si mtu mbaya, lakini ana kiburi, na sijui kakipata wapi.

"Mama yako amekupatia kazi," akasema. "Kuna bibi mmoja huko, hana meno, ana nyumba kubwa. Tiketi ya basi imeshakatwa. Ni Jumatatu inayofuata mapigano yenu hayo."

"Siendi."

"Basi tuwekeane dau. Ukiwa wa kwanza kulala chini kule ngomeni, mbele ya watu wote, Jumatatu unapanda basi na kelele hakuna. Mwingine akikutangulia kuanguka, sitalitaja tena neno Italia ndani ya nyumba hii."

Mtu mwenye akili angenyamaza. Zamfira akampa mkono. Na mjue jambo moja: huyu mtoto akishatoa mkono, ametoa. Hajawahi kurudisha neno lake hata alipokuwa mdogo. Kwa hiyo tangu siku ile mimi nilikuwa namwangalia akila, na kila ugali aliokata kwa uzi, kama tunavyoukata kwetu, niliuona kama wa mwisho. Mimi silii mbele ya watu.

Deraya alimtengenezea Ghenadie, mhunzi wetu, ambaye zamani alikuwa anatengeneza milango ya makaburi na sasa anajiita fundi wa wapiganaji. Alimpima wakati wa baridi, karakana ikiwa na moto mkali, Zamfira akiwa na shati tu. Likumbukeni hilo shati.

Sasa, chuma hakivaliwi juu ya ngozi. Shoka likigonga chuma, mfupa ulio chini yake unavunjika kana kwamba hakuna kitu. Lazima kuwe na koti nene la kushonwa, limejazwa. "Bibi," akaniambia Zamfira, "koti sina."

Nikainuka nikaingia chumba cha wageni. Humo ndimo ilimokuwa mali yake, ya siku ya harusi: mifarishi, yale mablanketi mazito ya kujazwa sufu, niliyomshonea tangu alipozaliwa, imepangwa mpaka darini, kama inavyotakiwa. Nikavuta ule mzuri kuliko yote, mwekundu wenye maua meusi, sufu ya kondoo wetu wenyewe. Nikachukua mkasi.

Agafia, jirani yangu, huishi dirishani kwangu zaidi ya kwake. Akapiga ukelele kama aliyeona mwizi.

"Profira! Umeingiwa na nini? Unakata mali ya msichana!"

"Naikata. Una macho mazima, hongera."

"Mali hiyo inatoka langoni siku moja tu, siku anayotoka mkononi mwa baba yake! Ukiikata, mkosi!"

"Mkosi unaokuzidi wewe kwenye dirisha langu bado haujazaliwa. Ingia unishikie kitambaa."

Akaingia. Akanishikia, huku analaani. Tulishona mistari iliyobanana, na kati ya mstari na mstari nikashindilia sufu. Mabegani niliongeza, na kwapani pia, maana ndiko mtu anakovunjika. Mpaka ikabidi nilikandamize koti kwa goti ndipo sindano ipite. Lilipokwisha lilisimama lenyewe sakafuni, kama mtu asiye na kichwa.

Siku ya mapigano ikafika. Zamfira akatoka chumba cha wageni amelivaa, maua yote kifuani, na mfuko wa vyuma begani. Uani kwetu majirani walikuwa wamejaa, kwetu hakuna siri. Na langoni, Sevastian amesimama na mti ameupitisha kati ya nguzo na nguzo, kama wanavyofanya wanaume mali ya bi harusi inapotolewa.

"Haipiti!" anapiga kelele, na masharubu yanamcheka. "Mali haitoki bure! Divai iko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Zamfira uso ukawa mwekundu kama koti. "Baba, toka."

"Sitoki mpaka ninywe! Ada ni ada!"

Ilikuwa dhihaka, alitaka kumwaibisha, ionekane kwamba harusi pekee atakayoiona ni hiyo. Nikashuka chumba cha chini, nikateka jagi la divai nyeusi, nikampelekea mwenyewe.

"Kunywa, mwanangu."

Akanywa mbele ya kijiji kizima. Akanywa mpaka akaona kitako cha jagi, akajifuta masharubu, akautupa ule mti pembeni. "Haya, imetoka! Mchukueni!" Agafia akasahau kwamba amenuna, akachota ngano kwenye aproni akamrushia Zamfira kichwani, kama anavyorushiwa bi harusi. Watu wakacheka tena. Mimi nikalichomeka jambo hilo moyoni, kama unavyochomeka sindano kwenye ukosi wa gauni, na tukaondoka.

Ngomeni, balaa. Deraya haikufungika. Ghenadie anavuta mikanda, jasho linamtoka, kifua na mgongo havikutani.

"Bibi Profira, umemshonea koti au godoro?"

"Na wewe ulipima mtu au ulipima shati?"

"Mimi nilipima mwili wake!"

"Na ulidhani ataingia na mwili wake tu? Vuta, bwana!"

Mimi sikukosea. Naandika hapa wazi ili lisibishaniwe tena: mpimaji ndiye aliyekosea. Akamwekea goti mgongoni, akavuta, ikafungika. Lakini Zamfira mikono ilimsimama pembeni kama mtu aliyebeba ndoo mbili. Juu ya bega haipandi. Na zamu yao imeshaitwa.

Waliingia watatu: Zamfira, na wenzake wa kikosi, Olesea na Anghelina. Upande wa pili watatu kutoka ng'ambo ya mpaka, mmoja wao jimama lenye shoka, mgongo kama kabati. Kengele ikagonga. Zamfira akaenda moja kwa moja kwa lile jimama. Shoka likamshukia begani, puu! Hakutikisika. Mfarishi wangu ulilimeza shoka lile kama mate. Lakini jimama likamkumbatia shingo, na Zamfira akataka kuinua mkono ashike ubao wa ua, mkono ukakataa. Akaanguka. Wa kwanza kabisa. Kishindo chake ni kama sufuria zote za harusi zimemwagwa ngazini.

Sevastian alikuwa amesimama karibu yangu. Nilingoja acheke. Hakucheka. Alisema neno moja tu: "Jumatatu."

Mapigano ni raundi tatu, na ya kwanza tulishaipoteza. Nikapita chini ya kamba.

"Mama, huku hawaingii watu," akanizuia mwamuzi mmoja, mtoto wa juzi.

"Basi nihesabu kama kitu. Nipishe."

Zamfira amekaa kwenye gogo, kofia ya chuma mapajani. Hakuwa analia, ila midomo ilikuwa imemkauka. "Bibi, nimeshaanguka. Hata tukishinda, dau limekwisha."

"Umeanguka, hujafa. Inua kwapa."

Nikapasua mshono kwa meno, kwa sababu mkasi Agafia alikuwa ameukalia. Nikaingiza vidole, nikavuta sufu kwa mikupuo, kwapani na nyuma ya mabega, nikaitupa kwenye nyasi. Ghenadie akafunga mikanda upya, safari hii bila kuweka goti. "Inua mkono," nikasema. Akainua mpaka juu. Akanitazama, nikaona jicho la babu yake.

Raundi ya pili walishinda. Ya tatu, Olesea alikwenda chini, kisha Anghelina, na Zamfira akabaki peke yake na jimama na mwenzake. Aliushika ubao wa ua kwa mkono mmoja na kwa mwingine anapiga. Wanamvuta, hang'oki. Wanamsukuma, anarudi. Watu wote wa ngomeni walikuwa wanapiga kelele jina lake, na Agafia anapiga kelele matusi ambayo sikujua anayajua. Mwishowe wote wawili walimlalia na ubao ukavunjika, wakaenda chini watatu pamoja, na mwamuzi akasema wa kwetu ndiye aliyegusa kwanza. Tulishindwa. Naliandika hili ili wasichana wasije wakalifuta.

Akaja kwetu, damu puani, sufu nyeupe inamning'inia kwapani kama kondoo aliyepita kwenye miiba.

Sevastian akavua kofia. "Umepigana vizuri," akasema, na alimaanisha. "Lakini ulianguka wa kwanza. Neno ni neno."

"Neno ni neno, baba. Nitapanda basi."

Na angepanda! Angepanda, akamwogeshe yule bibi asiye na meno mpaka azeeke naye. Ndipo nikaichomoa ile sindano.

"Atapanda kwa amri ya nani?" nikauliza.

"Yangu, mama. Mimi ni baba yake."

"Ulikuwa. Leo asubuhi mali yake imetoka langoni. Nani alifunga lango? Nani alidai divai?"

"Mama, ule ulikuwa mzaha!"

"Divai uliinywa kwa mzaha? Ilipita koo la mzaha? Ulipomchukua Lucheria, kaka zake walifunga lango vilevile, wakicheka vilevile, tukawapa divai wakanywa. Je, kuna aliyekuja kesho yake kusema ulikuwa mzaha, turudishieni dada yetu?"

"Mbona unaleta mambo ya..."

"Mali ikishapita na mwenye lango akanywa, baba hana tena neno. Ulimwekea dau angali mkononi mwako. Kisha ukamtoa mwenyewe, kwa kinywa chako, 'imetoka, mchukueni', kijiji kizima kinasikia. Sasa unadai nini, na kwa nani?"

"Mimi nilirusha ngano," akadakia Agafia. "Na mimi sirushi ngano ovyo. Muulize yeyote."

Sevastian akatugeukia mmoja mmoja, kama ng'ombe anayetafuta upenyo kwenye ua. "Haya," akasema, "kama ametoka mkononi mwangu, ameolewa na nani? Bwana harusi yuko wapi?"

Zamfira akajigonga kifuani, ngo ngo, juu ya chuma. "Huyu hapa. Halewi, wala hanitumi Padova."

Wa kwanza kucheka alikuwa Ghenadie, halafu jimama la ng'ambo lililokuja kumpa mkono, halafu, nikiangalia, masharubu ya mwanangu yakaanza kutikisika. Hakusema nimeshinda. Mtoto wangu hawezi kusema hivyo, angetapika. Alikaa kwenye nyasi, akatoa simu, akapiga Padova. "Lucheria," nilimsikia, "hatakuja. Hapana, si yeye. Ni mama yangu. Ndiyo, tena."

Jumatatu basi dogo lilikuja, likapiga honi langoni kwetu. Zamfira alikuwa kazini, chini ya trekta. Nikatoka mimi, nikampa dereva chapati ya jibini, nikamwambia aende zake, kwenye nyumba hii hakuna wa kuogesha wazee wa watu. Wa kuogeshwa yupo, nikamwambia, lakini ataogeshwa hapa hapa.

Basi. Hiyo ndiyo habari ya Zamfira, na mkono unaniuma. Sasa zamu yako, wewe uliyesoma bure mpaka hapa. Wasichana wengine wanataka makoti, na mifarishi yangu inakwisha. Nyumbani kwenu kuna sanduku ambalo mama yako amelifunga, anasubiri siku nzuri. Lifungue. Niletee sufu, iwe ya kondoo, iwe imeoshwa. Ile ya kiwandani nitakutupia usoni. Na ukija usiniletee maneno. Njoo na mkasi wako, Agafia bado ameukalia wangu.