Lori la Baba Mudogo

Siku nilipojiandikisha kusoma fizikia hapa Lubumbashi, baba mudogo, mwenye malori, alinicheka mbele ya familia nzima. "Fizikia? Utafundisha mpaka uzeeke! Bantu benye akili banasomea mambo ya migodi." Hasira ile ndiyo iliyonisomesha.

Leo ninapima mionzi kwenye mawe ya shaba na kobalti, maana mengine yana urani ndani. Bila sahihi yangu lori la madini halivuki mpaka. Juzi lilikuja la baba mudogo mwenyewe. Kipima mionzi kikapiga kelele, nikaandika: lirudi lilikotoka.

Akanivuta pembeni. "Mwanangu, tia tu sahihi. Si mimi ni baba yako?"

"Ni weye, baba. Lakini fizikia nilisoma mimi."