Mawe Baada ya Masika

Nilipokuwa mtoto pale Wazo, jambo la mwisho la kawaida kabla ya mvua ile ni Rehema, binti wa jirani, kunicheka kwamba sijui kuruka kamba. Masika yalikuwa yameisha, watu wameshaanika mahindi. Mara mvua ya mawe ikashuka juu ya bati kwa kishindo, na ua wetu uliozoea vumbi la saruji ukawa mweupe.

Rehema aliokota jiwe moja, akaling'ata, akanipa nusu.

Bibi, aliyekuja kututembelea kutoka Upareni, akatoka jikoni na majivu mkononi. Kwake yeye, mawe yaliyokuja nje ya msimu hayakuliwa. Yalinyamazishwa kwa majivu.

"Temeni! Wakiyala wawili, hawazeeki pamoja."

"Yameshayeyuka, Bibi," Rehema akasema. "Niteme nini, maji?"

"Mtakuja kuniambia."

"Kwani nani anataka kuzeeka na huyu? Hata kamba hajui!"

Bibi alijizuia kucheka, akashindwa. Lakini majivu aliyamwaga yote.

Nilimwoa Rehema. Mwaka huu figo zake zilishindwa kazi, nikamzika akiwa hana hata mvi. Matanga yalipoisha, dada yangu mkubwa alinikalisha sebuleni kwangu, Mbweni. Alitaka kumchukua binti yangu wa pekee hadi Upareni, akapakwe majivu penye kaburi la Bibi ili mkosi usimfuate.

"Bibi alisema, na imekuwa," alinong'ona.

Imekuwa, sibishi. Hatukuzeeka pamoja. Nimeligeuzageuza neno lile, na kila mara naona halikuhitaji mawe: katika kila ndoa, mmoja humtangulia mwenzake. Simlaumu Bibi, alituogopea kwa sababu alitupenda. Ninachokataa ni binti yangu kufundishwa kwamba mama yake alijiletea kifo kwa kuonja barafu, tena siku aliyokuwa na furaha kiasi kile. Nimenyang'anywa mengi mwaka huu. Siku ile siitoi.

Nilimwambia dada kwamba mtoto haendi.

Asubuhi iliyofuata nilimbebea dada begi lake hadi kituoni Mwenge. Binti yangu nilimwacha nyumbani, amelala.

"Usije ukasema hukuambiwa," dada alisema akipanda gari.

"Nimeambiwa tangu navaa kaptula, dada. Wasalimie nyumbani."