Nyuso Katika Wimbo wa Mwalimu Elibariki

Mwalimu Elibariki alikuja darasani kwetu Goba amenuna. Nalisema waziwazi kwa sababu nilikuwa nimekaa kiti cha jirani, na ukunga wa miaka thelathini na moja umenifundisha kuutambua uso wa mtu mwenye hofu anayejifanya ana hasira.

Darasa letu ni la wazee watupu. Tuna kompyuta sita katika chumba cha mikutano cha serikali ya mtaa, Jumanne na Alhamisi asubuhi, na mwalimu wa kudumu hatuna. Sharti ni moja: ukijua kitu, huendi nyumbani mpaka umemfundisha wa jirani. Mimi nilifundishwa kufungua barua pepe na fundi cherehani, nikamfundisha diwani mstaafu. Raha yake usiniulize!

Basi huyu Mwalimu alikuwa ametunga nyimbo za kwaya ya usharika wake kwa miaka arobaini, akiziandika kwa mkono, kwa zile herufi za nota: d, r, m, f. Miaka miwili hii mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Pasaka iliyopita Noela, binti anayeongoza kwaya, alishindwa kuusoma mwandiko wake, wimbo ukaimbwa ovyo kanisani, na Mwalimu akarudi nyumbani asile chakula. Sasa alikuwa na wimbo mpya wa sikukuu ya mavuno, sauti zote nne, na wote ulikuwa kichwani. Zilibaki wiki tatu.

"Dada Bupe," aliniambia, "kila nikiamka naanza kuitafuta besi. Juzi niliikosa mpaka saa nne."

Nikamwonyesha jinsi ya kuegemeza kiganja mezani na kubonyeza kwa kidole cha mkono wa kushoto. Herufi ikatoka safi, imenyooka. Mwalimu akatoa macho. Akabonyeza nyingine. Jamani, mzee wa miaka sabini na tatu alicheka kwa sauti!

Kisha akafika mahali ambapo sauti inavutwa. Kwenye nota zake hapo huandikwa nukta mbili, kistari, halafu mstari wa kusimama. Akaandika. Vyote vikatoweka, na mahali pake pakatokea uso mdogo wa duara, macho mawili, mdomo umebana.

"Nani kaweka sura hapa?"

Akafuta, akarudia. Uso ukarudi. Akaendelea kwa ubishi, na mwisho wa mstari wa kwanza tulikuwa na nyuso saba, zote zimetununia. Mashine ilidhani nukta zile ni macho na mstari ule ni mdomo. Mimi nilicheka mbavu sina. Nilikosea, maana Mwalimu alisimama, akashika njia ya mlangoni.

"Nimetunga nyimbo mia na kitu. Leo mashine inanikejeli, na wewe unaisaidia."

Nikaona aibu hadi masikioni. Aliyemzuia mlangoni ni Mama Gulbahar, mwanafunzi mwenzetu, mjane wa Kihoja, wale Waislamu wenye asili ya Kihindi, aliyehamia Goba kwa mwanawe. Kwenye kompyuta alijua kitu kimoja tu, kuchora jedwali, kwa ajili ya zamu za akina mama wanaopika wakati wa Muharram.

"Mwalimu, kaa kwanza. Hizo nukta na huo mstari wa kusimama ni vya nini?"

"Vinatenga mapigo."

"Sasa vya nini kuviandika, na mie nina kuta? Njoo!"

Akachora jedwali, safu nne kwa sauti nne, vyumba vinane kila safu. Kila pigo likapata chumba chake. Mwalimu akaweka d, kistari, m. Hakuna uso! Tukapiga kelele hadi mtendaji wa mtaa akachungulia.

Tangu siku hiyo walikaa pamoja, Mwalimu akitaja, Mama Gulbahar akiongeza vyumba. Kwa kuwa sharti ni sharti, Mwalimu naye akamfundisha nota.

"Hapa umeacha chumba kitupu, Mama. Kitupu maana yake nyamaza. Ukitaka mwimbaji avute sauti, weka kistari."

"Kumbe! Basi mie nilishawanyamazisha watu wako ukurasa mzima!"

Wiki ya tatu walichapisha kwenye stationari ya hapo barabarani, kurasa tano. Jumamosi mimi na Mama Gulbahar tukaenda na Mwalimu kwenye mazoezi ya kwaya. Siku zote Noela alikuwa akisimama kila mstari kuuliza, na Mwalimu akijibu pembeni yake mpaka sauti inamkauka. Safari hii Mwalimu alikaa tayari mbele, amejiweka sawa.

Noela akapitisha macho kwenye karatasi. Akainua mkono. Wakaanza.

Nilisikia soprano, kisha alto, kisha wote wakavuta sauti moja ndefu. Mama Gulbahar akaniminya mkono.

"Bupe, kile kistari! Kinasikika!"

Mwalimu alikuwa bado anangoja kuulizwa. Mstari wa pili ukapita. Wa tatu, besi ikaingia kwa kuchelewa kidogo, kama alivyotaka. Noela hakugeuka. Hakuwa na la kuuliza.

Mwalimu akakaa kidogo, hajui aweke wapi mikono. Kisha akainuka, akapita nyuma ya viti, wanaume wa besi wakamsogezea nafasi, akaimba.